Maswali ya Wasomaji: Nikifa Mara Moja, Gemu Imeisha

SWALI: Nacheza Gradius, ile gemu ya chombo cha angani ya Konami ya 1985, kwa emuleta (programu inayoiga mashine za gemu za zamani) kwenye TV bapa niliyonunua Kariakoo. Nikiwa na silaha zote natamba. Nikifa mara moja tu narudishwa nyuma na chombo kitupu, na hapo ndipo mwisho wangu. Tena nikibonyeza, chombo kinachelewa kuitikia. Mbovu ni mimi au TV?
Msomaji, Sinza

JIBU: Wote wawili. TV bapa huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba kunakula muda. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde. TV ikichelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde, risasi unayoikwepa iko picha 6 mbele. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha. TV nyingi huiweka kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo ukihamisha waya, rudia.

Sasa vidonge, zile zawadi zinazoachwa na baadhi ya maadui ukiwapiga. Kila kidonge chekundu kinasogeza taa hatua moja kwenye mstari wa silaha chini ya skrini: Speed Up (kasi), Missile (kombora), Double (risasi mbili), Laser, Option (kimpira kinachopiga risasi pamoja nawe), kisha alama ya kuuliza, ambayo ni ngao. Ukichagua, taa inarudi mwanzo. Basi Speed Up ni kidonge 1, Missile 2, Option 5. Ukifufuka chukua Speed Up mbili, Missile, halafu Option. Jumla vidonge 9. Wanaokwama ni wale wanaokimbilia Laser huku chombo kinajikokota kama daladala kwenye foleni ya Mwenge. Ila Speed Up ya nne achana nayo, utajibamiza ukutani mwenyewe.

Option, kile kimpira, hupita njia uliyopita wewe. Ukisimama, nacho kinasimama. Na risasi hazikidhuru. Kwa hiyo mbele ya Big Core, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, pita usawa wa kile kiini cha bluu, shuka kidogo, simama. Kimpira kinabaki juu kinapasua vizuizi, wewe uko pembeni.

SWALI: Ile siri ya Gradius ya kupata silaha karibu zote kwa kubonyeza juu, juu, chini, chini, mbona kwangu haifanyi kazi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kama unacheza ile ya mashine kubwa ya kumbi za michezo ya 1985, haimo. Kazuhisa Hashimoto aliiweka kwenye toleo la 1986 la Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, kwa sababu gemu ilimshinda alipokuwa akiijaribu. Simamisha gemu kwanza, ndipo ubonyeze juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha endelea.