Je, mama aweza kupandikizwa tezi nyingine?

SWALI: Asalaam aleikum, dokta. Mamangu alipimwa Malindi, akaambiwa kinga ya mwili wake imeishambulia tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni. Kila alfajiri humeza kidonge cha thairoksini. Kakangu asema panya wa maabara hupandikizwa tezi ikashika. Mbona mama asifanyiwe?
– Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kakako hakukosea. Mwaka 1975 mtafiti Kevin Lafferty na wenzake walilea tezi za panya maabarani penye oksijeni nyingi kabla ya kuzipandikiza kwa panya wa ukoo mwingine. Zilikubaliwa kuliko tezi mbichi. Chembe nyeupe za mtoaji, zile ziamshazo kinga ya mwenyeji, huwa zimekufa.

Lakini kinga ya mamako haichukii ugeni pekee; yachukia na tezi yenyewe. Ukimpa nyingine, umemtilia papa chambo kipya. Ndiyo maana watafiti wengine walizipa seli za tezi za panya protini ya Fas ligandi, iuayo chembe za kinga zinazosogea. Wazo zuri, ila mimi silishangilii: kwenye seli za kongosho za panya, protini hiyohiyo ilichochea uvimbe, seli zikaangamia.

Tena dawa za kutuliza kinga, apewazo aliyepandikizwa, hufungulia maambukizi mlango, ilhali kidonge cha mama ni homoni ileile ya tezi. Akimeze kwa maji, angoje angalau nusu saa kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu avimeze zikishapita saa 4 tangu ameze kidonge hicho.