Usikimbilie zpool upgrade

Ndugu, unasema umepandisha mfumo endeshi, na sasa amri ya zpool status ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski) inakuhimiza uendeshe zpool upgrade ilhali GRUB yako, programu inayouanzisha mfumo kompyuta inapowashwa, ni ya zamani. Iache kwanza. Huo si ujumbe wa hitilafu, puli (mkusanyiko wa diski unaosimamiwa na ZFS) inafanya kazi kama kawaida. Ukiiendesha, vipengele vipya vinawashwa na havizimiki tena. Vikianza kutumika, GRUB isiyovitambua haitaisoma diski, nawe utabaki unakodolea macho "grub rescue>". Mimi yalinikuta usiku wa manane, sina hata flashi ya kuwashia!

Kama una OpenZFS 2.1 au zaidi, andika zpool set compatibility=grub2, kisha jina la puli yenye /boot (folda ya faili za kuanzishia mfumo). Hapo hata ukipandisha, vitawashwa vile tu GRUB inavyovimudu.