Jibu: Moto ukija kwa kasi, watu hujiokoaje?

Mkuu, umeuliza watu wa mji wa Lahaina, kule kisiwa cha Maui, Hawaii, walijiokoaje na moto wa Agosti 8, 2023 ilhali Marekani ina zimamoto wa kila aina. Zimamoto walikuwepo, ila upepo uliwazidi nguvu. Uliangusha nguzo, umeme ukakatika, simu zikakosa mtandao, na ving'ora vya tahadhari havikulia kabisa. Kwa wengi habari ilifika kwa jirani kugonga mlango, au kwa kuona moshi wenyewe.

Front Street, barabara ya ufukweni, ikaziba magari. Waliokwama wakayaacha hapo hapo, wakaruka ukuta na kuingia baharini, wakashikilia mawe kwa saa kadhaa huku cheche zikiwadondokea. Walikufa zaidi ya watu 100, wengi wazee.

Mimi kilichonigusa zaidi ni siku zilizofuata. Barabara zikiwa zimefungwa, wenye boti walipakia maji, mafuta, chakula na nepi, wakashusha ufukweni, watu wamesimama majini wakipokezana maboksi mkono kwa mkono. Wenyeji wakafungua vituo vya kugawa misaada wao wenyewe, serikali ikiwa bado inajipanga (hilo nalo si geni kwetu).

Kwa mtaa wenu, kubalianeni mapema nani atamgongea bibi anayeishi peke yake, nani ana gari la kumbeba, na njia ipi ya miguu mtatumia barabara ikiziba. Kundi la WhatsApp lisiwe tegemeo lenu pekee. Nunueni na filimbi.