Mtoto anakula mchicha kila siku, matone ya vitamini A ya nini tena?

Mama wa mtoto wa miezi 18 ameuliza hivyo. Jibu fupi: mpeleke. Jibu refu liko kwenye sufuria na kwenye utumbo.

Mchicha hauna vitamini A yenyewe. Una karotini, ambayo ni malighafi tu. Utumbo mdogo ndio unaoigeuza. Hesabu inayotumika ni mikrogramu 12 za betakarotini ya chakula kupata mikrogramu 1 ya vitamini A, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Maini, mayai na maziwa huleta vitamini iliyo tayari.

Tena karotini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mchicha wa maji na chumvi, sehemu kubwa ya karotini yake huishia kwenye nepi. Kijiko cha chai cha mafuta kwenye mboga ya mtoto kinatosha, au tui, au karanga za kusaga. Anayemwaga maji ya mboga anapoteza vitamini C na foleti. Karotini inabaki kwenye majani. Adui yake ni jua, kwa hiyo mboga za kukausha zianikwe kivulini. Mawese nayo yana karotini tele, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe umebaki na mafuta matupu. Minyoo pia huzuia ufyonzwaji, ndiyo maana siku ya matone mtoto aliyetimiza mwaka hupewa na dawa ya minyoo.

Vitamini A ikishafyonzwa, nyingi huhifadhiwa kwenye ini, na humo hutolewa kidogokidogo kwa miezi. Sehemu huenda kwenye jicho kutengeneza kemikali ya kuonea gizani. Akiba ikiisha, magharibi ikiingia mtoto anaanza kujikwaa kwenye stuli aliyoizunguka vizuri mchana. Ngozi laini za jicho, koo na utumbo nazo hukauka, vijidudu vikapata mlango.

Dozi: miezi 6–11 uniti 100,000 (kidonge cha bluu), miezi 12–59 uniti 200,000 (chekundu), kila miezi 6. Ncha hukatwa, mafuta yakakamuliwa mdomoni; mtoto hapewi kidonge kizima kwa sababu atapaliwa. Kutapika au kuharisha kidogo siku moja mbili huisha kwenyewe. Kosa ninaloliona baya ni kurudia dozi ndani ya mwezi kwa kuwa kadi ya kliniki ilisahaulika nyumbani. Mjamzito asiiguse dozi hii kabisa: vitamini A iliyo tayari ikizidi humlemaza mtoto tumboni.

Karotini ya mboga haina hatari hiyo. Ini likishiba, utumbo hupunguza kuigeuza. Viazi lishe na karoti vikizidi, viganja vya mtoto huwa vya njano. Tazama weupe wa macho: ukiwa mweupe ni karotini, punguza tu. Ukiwa wa njano, hiyo si mboga, wahi hospitali.