Kwa wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano na Historia, Dini na Sanaa

Wiki ya kwanza mtaletewa madesa. Kaka au dada wa kidato cha sita atakuuzia rundo la notsi za Historia zilizopigwa kopi mpaka herufi zimefifia, na atakuapia kwamba mtihani wa taifa hautoki nje ya hapo. Nunua ukitaka, hata mimi nilinunua. Ila kabla hujaanza kukariri, panda daladala ya Posta, tembea mpaka kwenye Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, katikati ya Dar es Salaam, usimame nusu saa na daftari mkononi.

Nusu saa nzima. Dakika tano za mwanzo utaandika "askari ameshika bunduki", utadhani umemaliza. Endelea kutazama. Anakwenda wapi? Singe, kile kisu cha ncha ya bunduki, imeelekea bandarini. Amesimamishwa mwaka 1927, na aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameusimamishia mji huu sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 ikaondolewa. Sasa inama usome maandishi ya chini. Wametajwa askari wenyeji waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wametajwa wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu inua macho tena: aliyepewa nafasi ya juu ni mwenye bunduki. Nairobi kuna ukumbusho wa mchongaji huyohuyo, wa mwaka 1928, una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa nini huku kwetu yuko mmoja tu?

Ukitoka hapo nenda Kariakoo kwa miguu. Jina hilo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichokuwa na kambi pale. Watu waliobeba vyakula na risasi wakafa kwa njaa na maradhi porini, jina lao tunalitaja kila siku tukienda kununua vitambaa. Nilipoligundua hilo nilikuwa nimesimama na mfuko wa nyanya, na nilikaa kimya njia nzima kurudi nyumbani. Somo la vita kuu ya kwanza halikunipa shida tena baada ya siku ile.

Hicho ndicho ninachotaka mkishike: anzeni na kitu chenyewe, notsi zifuate. Sanaa itakufundisha kutazama, Historia itakuuliza nani alilipia na kwa nini wakati ule, Dini itakuuliza watu wale waliamini nini. Ukiyatenganisha masomo haya matatu utakuwa na kazi mara tatu.

Dini ndiyo iliyonipa taabu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nililelewa katika nyumba ya ibada, nikadhani Diviniti, yaani somo la Dini ya Kikristo, ni mteremko. Jaribio la kwanza liliuliza kuhusu nabii Amosi. Nikaandika kurasa nne za kuwasihi watu watubu. Mwalimu alirudisha karatasi imeandikwa neno moja kwa wino mwekundu: mahubiri. Iliniuma, maana kila nilichoandika nilikiamini. Baadaye alinikalisha chini akaniuliza: Amosi alikuwa nani? Mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, kusini. Alikwenda kusema wapi? Kaskazini, katika ufalme wa Israeli, enzi za mfalme Yeroboamu wa pili, nchi ikiwa na neema na matajiri wakimuuza maskini kwa jozi ya viatu. Basi anza hapo, akasema, uonyeshe kwa nini maneno yale yalichoma kwa watu wale. Imani yako haijaguswa. Wenzenu wa Maarifa ya Uislamu wanakutana na mtego huohuo: kuijua dini kwa moyo si sawa na kuieleza kwa mtu asiyeifuata.

Na kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kila mwaka kuna wanaoandika kuhusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kwamba sababu zilikuwa kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa na ukatili, kisha wanamalizia na "ushirikina". Neno hilo linahukumu, halielezi kitu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisema ametumwa na Hongo, mzimu wa majini, na watu wakasafiri kutoka mbali kuyafuata maji yake ya dawa, waliyoamini yatawakinga na risasi. Jiulize Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, kila mmoja na wazee wake na vita vyake vya zamani, wangeunganishwa na nini kingine? Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 1905, na vita vikaendelea mpaka 1907 bila yeye. Eleza hilo vizuri utaona alama zinavyopanda.

Sanaa wengi huidharau wakidhani ni kuchora tu. Nenda Oysterbay, Morogoro Stores, uwaone wachoraji wa Tingatinga wakifanya kazi. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, na alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Usipige picha kabla ya kuomba.

Lugha: mtihani ni wa Kiingereza, na hili linawaangusha wenye akili nzuri kabisa. Kwenye diskasheni bishaneni kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, kisha kila mtu aiandike kwa Kiingereza peke yake. Kundi letu lilifanya hivyo kila Jumamosi. Wanaoanza kwa Kiingereza hubaki wanarushiana sentensi za desa.

Mkipata siku moja ya likizo, nendeni Kunduchi kwenye magofu. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya matumbawe, mengine yenye nguzo. Waliojenga walipachika bakuli za kauri kutoka China ukutani mwa makaburi. Waombeni wenyeji ruhusa, vaeni kwa heshima, na msikanyage makaburi. Bakuli nyingi zimeng'olewa. Yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa. Chora tundu moja kwa penseli, upime upana wake, kisha uandike pembeni ya mchoro: bakuli hili lilifikaje hapa, marehemu alitaka aonekane nani, na aliyeling'oa alilipeleka wapi.