Unataka tetra pua nyekundu na uko Dar? Anza na maji

Watu wakiona video ya vile visamaki vya rangi ya fedha, kichwa chekundu, mkia wa mistari myeusi na myeupe, wanageuka wote kwa mpigo mmoja, swali la kwanza ni bei na wanapatikana wapi. Mimi huwa nauliza kwako mnatumia maji gani. Hawa asili yao ni bonde la Amazon, pande za Rio Negro, maji laini (yaani madini machache) yenye asidi kidogo na rangi ya chai kwa majani yaliyolowa humo miaka yote, na huku Dar mitaa mingi ni visima, unaoga sabuni haitoi povu, sasa mtu anachota hayo hayo anajaza tenki afu wiki ijayo anauliza kwa nini wanakufa mmoja mmoja.

Mimi nakinga mvua. Masika ikianza, acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndo uweke pipa, afu unachanganya na ya bomba, usitumie ya mvua peke yake maana haina madini na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inaweza kuporomoka ghafla. Ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa mpaka kesho yake klorini iondoke, au tia matone ya kuondoa klorini, na kama wanatibu kwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hiyo haitoki kwa kulaza, lazima dawa. Majani ya mkungu, ule mti wa kivuli si mkungu wa ndizi, nayo ni bure kabisa, okota yale yaliyodondoka yenyewe yakakauka kahawia, mbali na barabara, osha, tia mawili matatu. Ila usidanganywe kwamba yatageuza maji ya kisima yawe laini, hayawezi, kwenye maji magumu utapata rangi tu na pH itabaki pale pale.

Uzuri wa samaki huyu hafichi kitu. Pua ndo mita. Ikiwa nyekundu iliyoiva mpaka nyuma ya macho basi maji yako poa, ikianza kupauka kuwa pinki kuna jambo, aidha amonia, aidha nitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki), aidha joto, au kuna mtoto kagonga kioo. Usihukumu asubuhi ukiwasha taa tu, wakilala wote wanapauka, wape kama nusu saa kwanza. Nikirudi jioni macho yangu yanaenda kwenye pua kabla ya kitu kingine, akipauka mmoja na amejitenga na wenzake namfuatilia yeye, wakipauka wote sipotezi muda, nachukua ndoo na mpira nabadilisha robo ya maji hapo hapo, kupima baadaye.

Na usinunue watatu bana. Watatu si kundi, watajibana kona wakitetemeka siku nzima na wewe utasema samaki wenyewe hawana mambo. Kuanzia 10, na tenki la lita 80 kwenda juu, refu kuliko kwenda juu maana hawa wanaogelea kwa mlalo. Tenki liwe limekaa wiki 4 mpaka 6 likifanya kazi na bakteria wa filta, wale wanaoondoa amonia, wameshakomaa, hapa ndo wengi hawana subira. Kwenye joto la kwetu amonia ni balaa zaidi, pH ikiwa 8 na maji nyuzi 30 sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile ya sumu kuliko kwenye pH 6.5, yaani kiasi kile kile ambacho kwa jamaa wa nchi ya baridi ni onyo kwako kinaua.

Joto lenyewe sasa. Hawa wanataka nyuzi 24 mpaka 27, na kuanzia Desemba mpaka Machi tenki la Dar linafika 30 bila hita yoyote. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi 2 au 3, funika na kipande cha chandarua badala ya kioo kwa sababu wanaruka. Maji yatapungua kila siku, jazia ya mvua, si ya kisima, maana kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki inazidi kurundikana. Umeme ukikatika hewa inaisha haraka kwenye maji ya moto, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri na filta ya sponji si anasa, na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Chakula sagia vidoleni kiwe unga, midomo yao midogo. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda balaa, ila vuna vyote, usije ukaanzisha shamba la mbu uwani kwako.

Na kama unategemea kisima tu na huna pa kukinga mvua, mimi naona achana na tetra kabisa. Kuna mbuna wa Ziwa Nyasa, wana rangi kuliko hawa, maji magumu yenye pH 8 kwao ni nyumbani, ilimradi yasiwe ya chumvi kabisa. Ila usije ukawaweka tenki moja na hawa, watawatafuna.