Redon au Landévennec? Anza na hati za Redon

Mdogo wangu, umeuliza insha yako ya monasteri za Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, uijenge juu ya Landévennec au Redon, maana muda haukutoshi kwa zote mbili. Chukua Redon.

Landévennec ina mtakatifu mkubwa, Guénolé, na kisa kizito: mwaka 818 mfalme wa Wafranki, Louis the Pious, aliwaamuru watawa wake waache desturi za Kiairishi, hata namna ya kunyoa utosi, wafuate kanuni ya Benedikto. Mwaka 913 Wavikingi, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, wakaiteketeza. Hayo yape aya moja.

Redon ilianzishwa na Conwoion mwaka 832, na imetuachia kitabu chenye hati zaidi ya 300, nyingi za karne ya 9. Humo utaona maisha yenyewe: mkulima anaweka shamba rehani, majirani wanaitwa kushuhudia, majina yao ya Kibretoni yanaandikwa mmoja mmoja chini ya maneno ya Kilatini. Mimi hayo majina hunigusa kuliko miujiza yote. Ni watu wa kijijini ambao bila rehani au ugomvi wa mpaka tusingewajua kabisa.

Kwa biashara, tafuta hati za majaruba ya chumvi ya Guérande, huko pwani. Monasteri ya Redon ilipewa sehemu zake huko, na chumvi ndiyo iliyohifadhi samaki na nyama. Kisha tazama ramani: Redon iko kando ya mto Vilaine. Njia hiyohiyo ya maji iliwaleta Wavikingi.